Kofia ya Sufu Ganjoni

Mtoto wa Sidi alikuwa na wiki tatu na bado hana jina. Si kwamba majina yalikosekana. Yalikuwepo mawili, kila moja na mwanamke nyuma yake, na hakuna aliyekuwa tayari kurudi nyuma.

Sidi alitaka Mbodze, jina la shangazi yake aliyemlea kule Kaloleni na kufariki mwaka uliopita bila kumwona mtoto. Mama mkwe wake, Nekesa, aliyetoka Kimilili hadi Mombasa na kushuka kwenye gari moshi na kikapu cha uzi wa sufu na kuku mmoja mwenye hasira, alitaka Nekesa. Kwao, alieleza, msichana wa wakati wa mavuno huitwa hivyo, basi.

"Mavuno ya wapi, Mama?" Sidi aliuliza. "Hapa Ganjoni tunavuna kunguru tu."

Nicanor, mwana wa mmoja na mume wa mwingine, alisema ana zamu relini, akavaa viatu. Siku hiyo hakuwa na zamu.

Nekesa alitoa kikapuni donge la uzi wa bluu na sindano mbili ndefu, akazigonganisha. "Kwetu mtoto hapewi jina kichwa wazi. Mfumie kofia. Ukiimaliza kabla sijaondoka Jumamosi ijayo, mwite upendavyo. Usipoimaliza ni Nekesa, na utaniitikia ukitabasamu."

Sidi alishuku kwamba desturi hiyo ilizaliwa pale pale mezani.

"Kofia ya sufu, Mama? Mtoto ana vipele vya joto."

"Ataivaa Krismasi akija kwetu kwenye baridi. Shika sindano. Si hivyo, huchomi mishikaki."

Sidi hakuwahi kufuma maishani mwake. Nekesa, kusema haki, alifundisha vizuri. Ingiza ncha kwenye kitanzi, zungusha uzi, uvute upite ndani, kisha angusha kitanzi cha zamani. Basi, tena na tena, mpaka mstari uishe, kisha geuza. Tatizo lilikuwa mikono. Sidi alikua akisuka ukili wa mikeka ubavuni mwa shangazi yake, na kwenye ukili kulegea ni aibu. Kila kitanzi alikikaza kwa meno yaliyoumana, na kwenye mstari wa pili sindano ikagoma kuingia.

"Legeza," alisema Nekesa. "Huo uzi hautoroki."

"Nimelegeza."

"Ukimpiga mwizi na kipande hiki atazimia. Fumua, anza upya."

Alianza upya mara nyingi kuliko alivyopenda. Siku moja mikono ikaelewa yenyewe. Vitanzi vikakaa kwa utulivu na kipande cha bluu kikarefuka hadi upana wa kiganja. Sidi alikiweka kikapuni, akalala mchana na mwanawe. Alipoamka kilikuwa upana wa vidole viwili.

Alijilaumu. Uzazi huchukua akili, kila mtu alimwambia hivyo. Akafuma tena, akalala tena, kikapungua tena. Nekesa alikuwa kwenye kiti chake akimenya njegere, uso mtakatifu kabisa.

Uzi ndio uliosema. Sidi aliona kwamba donge, ambalo uzi wake ulikuja umenyooka kutoka dukani, sasa lilikuwa na mawimbi nje yake, kama nywele zilizofumuliwa misuko. Uzi haujikunji wenyewe. Uzi uliojikunja umewahi kufumwa.

Alichukua ndoo ya nepi, akapanda darini kwenye kamba za nguo. Naomi, jirani wa ghorofa ya chini, alikuwa akianika mashuka.

"Mama mkwe wangu anafumua kofia yangu nikilala."

Naomi alicheka mpaka akashika kamba. "Na wewe ukamwambia nini?"

"Bado. Nikimwambia atakana, na siku zinakwisha."

"Basi usimwambie. Mwachie hiyo ya bluu aendelee kuchezea. Mama ana magoti mabovu, ngazi za huku hapandi. Fumia hapa."

Siku ya pili Naomi alimletea uzi wa manjano kutoka Biashara Street na spoku mbili za baiskeli ziwe sindano, ncha zimenolewa kwa jiwe. Kuanzia hapo hakuna mtoto Mombasa nzima aliyelowesha nepi kama wa Sidi. Alizipeleka kuanika asubuhi, akazigeuza adhuhuri, akaenda kuzitazama kama zimekauka.

"Mtoto huyu anakunywa bahari?" Nekesa aliuliza.

"Ni maziwa mengi, Mama. Nashukuru kwa uji wako."

Na kila mchana, kwa uaminifu, Sidi alifuma mistari kadhaa ya bluu, akaguna kwa uchovu na kwenda kulala, ili mama mkwe asikose kazi.

Jumamosi ilipofika Nicanor alileta teksi. Nekesa alikuwa amejifunga kitenge kipya. Alinyanyua kipande cha bluu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota mjusi.

"Pole, mwanangu. Nekesa mdogo yuko wapi nimuage?"

Sidi alimleta mtoto. Kichwani alikuwa na kofia ya manjano, imeshonwa ubavuni, pembe zake mbili zimesimama kama masikio ya paka.

Nekesa aliivua, akaigeuza ndani nje. "Huu si uzi wangu."

"Hukusema uzi wa nani."

"Na hii si kazi yako. Ni ya yule jirani. Kaa hapa, nifumie mstari mmoja nione."

Teksi ilipiga honi. Sidi alikaa, akashika sindano za bluu. Ingiza, zungusha, vuta, angusha. Katikati kitanzi kimoja kiliteleza, kikaanza kushuka. Nicanor alifunga macho. Sidi alikinasa kwa ncha ya sindano, akakipandisha taratibu, akamaliza mstari na kugeuza.

Nekesa aliukagua ule mstari, akaitikia kwa kichwa.

"Sasa na mimi niulize, Mama. Hii ya bluu ilikuwa ikipungua yenyewe?"

"Panya," alisema Nekesa.

"Panya anayefumua mstari kwa mstari, kisha kuuviringisha uzi kwenye donge?"

"Panya wa Mombasa wamesoma." Mabega yake yalianza kutikisika, na kicheko kikamtoka hata akalazimika kukaa. Alijifuta macho kwa pindo la kitenge, akamchukua mtoto. "Haya. Niambie anaitwaje mjukuu wangu."

"Mbodze."

"Mbodze," alirudia Nekesa polepole, akimtazama mtoto usoni kuona kama jina limemkaa. Alimbusu, akamrudisha kwa mamaye. Kisha alikusanya sindano, donge na kile kipande cha bluu, akavitumbukiza kikapuni mwake na kufunga kwa kamba, vizuri.

"Viache, Mama, nijifunze zaidi."

"Thubutu. Anayekuja baada ya huyu nitamfumia mwenyewe, na naanza leo kwenye gari moshi. Nicanor, beba."