Kipimo cha Pili cha Waiyego

Majibu ya maabara yalisema kwamba Waiyego hana kasoro, na hilo ndilo lililomponza.

Alikuwa ameolewa na Macharia kwa miaka minne bila kupata mtoto. Wiki ile ile ya majibu, mama mkwe wake alifika kutoka Burnt Forest na gunia la viazi. Akitafuta chumvi kabatini, alikuta vidonge vya kupanga uzazi.

“Kumbe ni wewe umekataa,” alisema. “Damu yako ni safi, daktari ameandika. Sasa hizi ni za nini?”

“Ni za kuleta hedhi, Mama. Bila hizo napitisha hata nusu mwaka. Nilipewa na mwenye duka la dawa mwaka huu tu.”

“Siku hizi hedhi inauzwa kwa pakiti?”

Waiyego hakulia. Alifunga duka lake la vitambaa pale mtaani Munyaka, akamchukua mama mkwe, na wakaenda pamoja kwa Daktari Aluoch, mwanamke aliyekuwa ameagiza kipimo hicho. Alitaka jambo moja tu: mama huyu aamini kwamba hakuwa akimficha mtu chochote.

Daktari alivitazama vidonge, kisha akayasukuma majibu kando.

“Haya hayatatusaidia. Vidonge hivi hushusha homoni ya testosteroni na kutuliza ovari. Tumepima kazi ya dawa, hatukukupima wewe. Mbona hukuniambia?”

“Uliuliza kama natumia dawa ya ugonjwa. Mimi sikuwa mgonjwa.”

“Na hicho kidevu chenye vipele vya wembe?”

“Huwa nakinyoa. Siku ile ya kipimo nilinyoa vizuri zaidi. Mtu haendi kwa daktari akiwa ovyo.”

Daktari alicheka. “Umenificha kila kitu kwa sababu ya adabu. Acha vidonge miezi mitatu. Wiki tatu za mwisho usinyoe. Nataka kuuona mwili wako ukiachwa ufanye unavyotaka.”

Hedhi haikuja. Ndevu zilikuja, nyeusi na ngumu, kidevuni na chini ya masikio. Macharia alipendekeza ajifunge skafu, au mtu mwingine akae dukani. Waiyego alikataa yote mawili.

Wabuge, fundi wa kushona sare za shule, alimchokoza mbele ya wateja. “Siku hizi tukuite madam ama mzee?”

“Niite mwenye duka. Unataka mita ngapi?”

Wateja walicheka. Wabuge alinunua kitambaa chake na kuondoka haraka.

Kipimo cha pili kilikuwa wazi. Testosteroni ilikuwa juu. Homoni nyingine alizopimwa, zikiwemo za tezi ya shingo, zilikuwa sawa. Daktari alimweleza Waiyego na mama mkwe, aliyekuwa amerudi kusikia majibu, kwa utaratibu.

“Ovari zake zinatengeneza testosteroni nyingi kupita kiasi. Mayai yanaanza kukua, halafu yanakwama. Ndiyo maana hedhi inapotea na ndevu zinaota.”

“Si hiyo ni homoni ya wanaume?” mama mkwe aliuliza.

“Hata wewe unayo, Mama. Kila mwanamke ana kiasi chake.”

“Mimi?” Alijipapasa kidevu. Kisha akamgeukia Waiyego. “Kwa hivyo ulikuwa unaniambia ukweli.”

“Ndiyo, Mama.”

“Sawa. Daktari, atazaa?”

“Wengi huzaa. Kuna dawa ya kusaidia yai likomae. Lakini kabla sijaianzisha, lazima Macharia naye apimwe mbegu.”

Mama mkwe alikaa wima. “Macharia hana shida. Huyo nimemzaa mimi.”

“Mama,” Waiyego alisema, “mimi nimesimama kwa kaunta na ndevu wiki tatu, watu wote wakiniangalia. Yeye ataingia kwa chumba peke yake na kikombe. Atashindwa?”

Daktari aligeuka kutazama dirisha. Mama mkwe alitoa simu mkobani.

“Macharia,” alisema kwa sauti iliyofika hadi mapokezi, “wacha hiyo kazi, kuja hapa kliniki. Ndiyo, wewe. Hapana, hiyo utaelezewa na daktari. Mimi siwezi.”