Gauni Lisilo na Mfuko

Fundi alikuwa mshonaji wa nguo za kike, na kwa kazi ya mkono wake hakuna aliyewahi kumtoa kasoro. Lakini ufundi wake mkubwa kuliko wote hakuna mteja aliyeuona. Kila gauni, kila sketi, kila sare ya shule ya bintiye aliishonea mfuko wa siri ubavuni, wa kutosha inhela tu, kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo. Binti alikuwa na pumu tangu utotoni. Kliniki walishamweleza mama mtu kwamba dawa ile hulegeza njia za hewa zinapobana, wala haifanyi mapafu kuwa mavivu kama majirani wanavyodai. Hilo alilielewa. Alichokiogopa ni midomo ya watu. Zamani alimsikia mwanamke mmoja akimsema mtoto wa mwenzake, "Huyo na kifua hicho, nani atamwoa?" Maneno yale hayakuelekezwa kwake, lakini yalimkaa rohoni kama yake.

Basi mchumba alipopatikana, kijana mtaratibu anayetengeneza majokofu, Fundi alifurahi mpaka akapitiliza. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi. Ijumaa akaipaka sebule rangi. Akakung'uta makochi mpaka majirani wakafunga madirisha. Kisha akamvalisha binti gauni jipya la kubana, lililomkaa hasa, na kwa mara ya kwanza hakuliwekea mfuko. Mfuko ungetuna na kuharibu kiuno.

"Sasa inhela naiweka wapi?" binti akauliza.

"Nitakaa nayo mimi kwenye mkoba. Leo tu, mwanangu. Wakishaondoka utavuta utakavyo."

Binti akautazama ukuta wenye rangi mbichi, akaenda kufungua dirisha.

Wageni walifika na bashasha zao, kijana akiwa nyuma ya wazazi wake. Mama wa kijana, mcheshi wa kupindukia, aliingia akinusa. "Mwenzangu, kwako kunanukia upya!" Kulinukia kweli, hata koo la mzima lilikereketa. Baba wa kijana akasimama kusema machache, na ikaonekana mapema kwamba mzee yule hana breki.

Fundi aliyaona mabega ya bintiye yakianza kupanda. Aliyajua mabega yale kuliko alivyoijua cherehani yake. Binti akakohoa, akanywa maji, akatabasamu. Fundi akaubana mkoba mapajani. Ngoja mzee amalize, akajiambia. Mzee akahamia kwenye habari za babu yake. Kifua cha binti kikaanza kupiga filimbi, na alipoulizwa jambo akaitikia kwa kichwa, maana maneno hayakuwa yakitoka tena. Midomo ikapauka.

Hapo Fundi akawasahau wakwe na dunia yao. Akachomoa kwenye mkoba mkasi mdogo, akalichana gauni mgongoni toka shingoni hadi kiunoni, gauni alilolihangaikia wiki nzima, macho ya wageni yakiwa yamewatoka pima. Akaitoa inhela na kumpelekea binti mdomoni.

"Mama, tikisa kwanza."

Alikuwa yule kijana, ameshapiga magoti. Akaipokea, akaitikisa, akamfunika binti koti lake mgongoni na kumkalisha wima. "Toa pumzi. Haya, vuta polepole. Ishikilie hapo hapo." Wakangoja kidogo, wakarudia. Hakuwa na papara hata chembe. Halafu wakamtoa nje barazani, kwenye hewa, na taratibu filimbi ikapungua.

Fundi akamgeukia kijana. "Kumbe ulijua?"

"Tangu tulipofahamiana, mama. Aliniambia hata kabla hajaniambia anaishi wapi."

"Nyumbani wote tunajua," mama wa kijana akadakia. "Tulinyamaza kwa sababu yako, mwenzangu. Tulidhani hupendi izungumzwe."

Fundi akaona haya, haya za kutamani ardhi ipasuke. Miaka yote ile alikuwa anamficha nani, na kwa nani?

Kijana akaenda kutafuta gari la kuwapeleka kliniki, binti akapimwe. Mama na mtoto wakabaki peke yao kwenye benchi, wageni wakiwa wamerudi ndani kukusanya vitu vyao.

"Lakini kwa nini hukuniomba?" Fundi akauliza. Sauti ilimtoka kwa ukali kwa sababu alikuwa bado anaogopa. "Nilikaa ubavuni pako. Mkoba ulikuwa hapa, ungenyoosha mkono tu ukachukua. Ungekufa huku unacheka na watu?"

Binti akavuta pumzi moja ndefu, akaitoa.

"Nilikuwa nangoja uniruhusu, mama."

Aliyasema bila hasira, kama jambo la kawaida, na hilo ndilo lililomkata Fundi maini. Akamvuta mwanawe kifuani, akalia kwa sauti kubwa, wakwe wakimsikia.