Petroli ya Chombo Kidogo

Mume wangu Matano hakuwahi kuona televisheni, na mimi vivyo hivyo. Huku bara haikuwapo, na mwaka ule wa themanini na tatu hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha. Lakini dukani kwetu Karatu tulikuwa na mchezo uliotokana na sinema ya mfululizo ya televisheni: ubao wa nyota na sayari ambao mtalii alimwachia Msafiri, dereva wa wageni, naye akatuletea. Msafiri alielezwa kwamba ni watu ambao dunia yao imeharibika, wanazunguka angani na vyombo vyao kutafuta pa kukaa. Vyombo vilikuwa vya plastiki, na vidonge vyekundu ndiyo petroli yao. Chombo kikiishiwa kinabaki palepale mpaka adui akichukue.

Matano alijiona bingwa. Bingwa gani, mzee mzima anaficha vidonge mfukoni!

Aliyeuweza mchezo ni Moringe, mfugaji wa Malambo. Alikuwa amemleta mkewe Nalotuesha hospitali, mimba ikimsumbua. Saa ambazo wanaume hawaruhusiwi wodini alikuja kukaa kwenye benchi letu. Vyombo vyake alivipa majina ya ng'ombe wake, ila kile kidogo kinachokwenda nyuma alikiita Nalotuesha. Akipata petroli, hicho hupewa kwanza.

"Utashindwa, unalisha ndama tu," Matano alimtania.

"Huyo ndiye mwenye nyumba," Moringe akajibu. "Bila yeye hao wengine watarudi kwa nani?"

Siku moja nilimuuliza jina la marehemu baba yake. Aliinamisha kichwa.

"Mama Mwamini, kwetu aliyeondoka hatajwi jina. Linawaumiza waliobaki."

Nikaona haya, nikamwongezea chai.

Alhamisi mchana walikuwa katikati ya mchezo Eunike, muuguzi, alipoingia anahema. Nalotuesha alikuwa anatoka damu, na upasuaji wake ulikuwa wa kufanyika Arusha. Gari la hospitali lilikuwapo, petroli hakuna. Kituo cha mafuta kilikuwa kikavu tangu wiki iliyopita. Gari la Msafiri lilikuwa na tone la kufika Ngorongoro tu, kwenye hoteli za watalii, akabembeleze huko. Alichukua madumu akaondoka bila hata kuaga.

Moringe alikwenda hospitali, wakamrudisha asubiri nje. Akaja kukaa mbele ya ubao uleule. Nilikuwa na hasira na kila kitu, na kituo, na barabara, na huo mchezo wa kijinga ambao kila mtu ndani yake ana mafuta. Nilifuta meza iliyokuwa safi.

Matano alitia mkono mfukoni, akatoa vidonge vyote alivyoiba na kuvipanga kimyakimya kando ya kile chombo kidogo. Sijawahi kumpenda kama siku ile, na wala havikutusaidia chochote.

"Petroli yote hii," Moringe alisema, akivigusa kwa kidole.

Eunike alirudi mlangoni. Safari hii hakuhema, alimwita tu kwa mkono, Moringe akamfuata. Mimi nilidhani ameruhusiwa kumwona mkewe.

Haukupita muda tukasikia honi. Msafiri! Vumbi jekundu mpaka kwenye kope, madumu mawili yamejaa, anacheka kama bwana harusi. Nilitoka mbio, na hapo nikamwona Moringe anakuja taratibu, shuka limemteleza begani na hakulirudisha.

"Moringe!" nilipiga kelele. "Petroli imepatikana! Twende tukamchukue Nalotuesha!"

Alisimama, akainua kiganja kunizuia.

"Mama Mwamini," alisema. "Usimtaje."

Gari la Msafiri lilikuwa bado linanguruma barabarani, na hakuna aliyekwenda kulizima.