Hakuna Aliyeruka

Yule mtu wa kofia nyekundu alikuwa na jiwe tangu mapumziko. Débora alilisikia kabla ya kuliona: mtu huyo aliligongagonga kwenye chupa, nyuma ya kamba ya watazamaji, hatua mbili tu kutoka mgongo wake. Mwezi uliopita, kwenye mstari huu huu, mshika bendera alipasuliwa kichwa. Ndiyo maana leo bendera ilikuwa kwa Débora. Wanaume waliikataa.

Katika mechi hii ya raga Bunia, wenyeji, waliongoza kwa pointi nne, na dakika zilikuwa zimekwisha. Wageni wao, Iga Barrière, walipata touche ya mwisho, mpira wa kurushwa kutoka pembeni, mita tano kutoka mstari wa goli. Wachezaji wakajipanga mistari miwili ya kutazamana, wakaacha njia nyembamba katikati. Mpira unatakiwa kupita humo, umenyooka. Osée wa Iga akarusha. Ukapinda, kila mtu aliona, ukaanguka mikononi mwa wenzake.

Bunia wakainua mikono, wakangoja filimbi. Iga hawakungoja. Walikumbatiana, wakasukuma, wakaulaza mpira nyuma ya mstari wa goli.

"Imepinda! Imepinda!" Uwanja mzima ulikuwa umesimama.

Théodore, mwamuzi, alikuwa amezibwa na migongo ya wachezaji. Akaja mbio kwa Débora.

"Ilinyooka?"

"Hapana. Ilipinda."

Nyuma yake mashabiki wa Bunia wakashangilia. "Weye mama, kweli uko mutoto wa kwetu!" akapaza sauti yule wa kofia.

Angeweza kuishia hapo, akarudi nyumbani salama. Lakini sheria ilikuwa imebadilika. Aliinakili mwenyewe kwenye daftari kutoka simu ya Théodore, neno kwa neno, kidole chini ya kila mstari: mpira uliopinda unaadhibiwa tu kama wapinzani wameruka kuugombea. Wakiuacha, mchezo unaendelea. Kwa hiyo Débora hakuwa ameutazama mpira peke yake. Alitazama na miguu ya Bunia.

Caleb, kaka yake aliyemwita yaya, mrukaji wa Bunia, akafika anahema. "Niliruka, monsieur l'arbitre! Umuulize huyu. Débora, sema basi."

Caleb alimtazama vile anavyomtazama nyumbani, akitaka anyamaze mbele ya baba.

Chupa ikagonga tena. Ti. Ti.

"Hakuna mutu wa Bunia aliruka," akasema. "Hata yaya Caleb."

Théodore akainua mkono: essai, bao halali. Pointi tano. Iga mbele.

Kelele zikakatika, na hilo lilimtisha zaidi. Ilibaki teke la mwisho, la Iga kupitisha mpira kati ya milingoti, na sheria inamtaka mshika bendera asimame nyuma ya mlingoti. Ilibidi atembee kando ya kamba. Kofia nyekundu ikatembea naye.

"Mutoto wa kwetu," ikasema taratibu. "Leo hautafika kwenu."

Akafika mlingotini. Caleb alikuwa amesimama na wenzake kwenye mstari wa goli. Akageuka, akaona mkono wa yule mtu umekwisha kuinuka.

"Acha hiyo jiwe!"

"Si weye mwenyewe ulisema uliruka?"

Caleb akatazama viatu vyake. "Sikuruka," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mbali. "Siye wote tulingoja filimbi."

Débora hakugeuka. Mpigaji wa Iga alikuwa ameshaanza kukimbia. Alingoja kusikia jiwe likianguka chini. Lilikuwa bado halijaanguka mpira ulipopita katikati ya milingoti, naye akainua bendera kuonyesha umeingia.