Ukoo Usio na Kifafa

Daktari aliuliza kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kubanduka ngozi kwa dawa ya kifafa. Mume wangu, mtu ambaye ukimuuliza saa atakusimulia ilinunuliwa wapi, alijibu neno moja.

"Hakuna."

Hapo ndipo nilipojua yupo.

Binti yetu wa miaka tisa alikuwa ameanguka mara tatu shuleni mwezi huo. Daktari alimwandikia kabamazepini. Akatueleza kuwa kuna watu huzaliwa na jeni fulani. Wakinywa dawa hiyo, ngozi inaweza kuwatoka kama ya mtu aliyeungua. Kipimo kipo, lakini hospitali ile humpima mwenye historia ya ukoo tu. "Nyie hamna," akasema, akafunga faili.

Pakiti ya dawa niliitia mkobani na sikuifungua. Nina diploma ya utunzaji wa stoo. Miaka kumi na miwili nafuatilia katoni zilizopotea. Mtu anayeficha kitu namjua hata kwa kisogo.

Tulipofika nyumbani nikambana. "Mdogo wako alikufa na nini?"

"Si unajua? Aliungua maji ya moto."

"Ulishaniambia hakuweza kumeza hata mate. Hayo maji aliyanywa?"

Akatazama sakafu. "Muulize dada."

Dada yake ndiye mlinzi wa jina la ukoo. Mimi humwita Bibi Heshima, moyoni, na siku nyingine mdomoni. Makochi yake hayajavuliwa nailoni tangu dukani. Ukiinuka yanakung'ang'ania mapaja.

"Wifi! Mbona bila taarifa?"

"Ningetoa taarifa ungesafiri. Marehemu mdogo wenu alikuwa anatumia dawa gani?"

"Ukoo wetu hauna kifafa."

"Kifafa nimekitaja mimi?"

Akakunja uso. "Hicho kitakuwa kimetoka kwenu."

"Kwetu kuna vichaa wawili na mlevi mmoja, na wote nimemtajia daktari. Sasa zamu yenu."

"Mtu ana miaka ishirini kaburini, wifi, leo unataka kumvua nguo?"

"Yeye nguo. Mwanangu atavuliwa ngozi."

Alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunyanzi. Mwishowe akasema, "Alikuwa anaanguka-anguka tu. Akapewa vidonge. Wiki ya tatu midomo ikajaa vidonda, kisha ngozi ikawa inabaki kwenye shuka. Mama akasema tuseme maji. Wadogo zangu wawili walikuwa hawajaolewa."

Kijana wa miaka kumi na tisa anakufa, watu wazima wanakaa kikao kumchagulia sufuria. Na kikao kikafana, maana hadi baba wa mwanangu, mwenye akili zake na leseni ya udereva, alimdanganya daktari usoni.

Nikadai cheti cha hospitali. Alikuwa nacho kabatini, chini ya mashuka ya wageni, kimepigwa pasi. Jina la dawa lilikuwa lile lile.

Kesho yake asubuhi daktari alikisoma mara mbili, akaichana karatasi ya dawa, akaandika dawa nyingine, na kipimo cha mtoto na baba yake. Majibu yalipokuja, binti anayo jeni ile. Baba yake naye anayo.

"Si kila mwenye nayo hudhurika," daktari alisema, "lakini huyu mtoto dawa hii asiiguse maisha yake yote."

Nikakipiga picha cheti cha marehemu, nikaiweka kwenye kundi la ukoo la simu, pale wanapotumiana maua kila asubuhi. Nikaandika: *Hakuungua maji. Ilikuwa dawa ya kifafa, na hatari yake inarithiwa. Atakayeandikiwa dawa hii apimwe kwanza.*

Ndugu arobaini na mmoja, na hakuna aliyetuma hata ua.

Kisha binamu wa mume wangu, fundi wa majokofu, akaniandikia pembeni: "Shemeji, mwanangu kaanza hiyo dawa juzi. Tafadhali usimwambie mtu."

"Mpeleke hospitali sasa hivi," nikamjibu, "na cheti hicho umwoneshe daktari. Kuona haya utaona ukirudi."

Alikwenda. Jioni akaandika kwamba mtoto yuko salama na dawa imebadilishwa, tena aliandika mbele ya kundi zima. Bibi Heshima akajitoa kwenye kundi.

Msimamizi wa kundi ni mimi. Nikamrudisha.