Dakika Tisa za Jecha

Mstari wa kijani ulikwenda mbio hadi asilimia sitini na moja, ukasita, kisha ukapotea. Kompyuta ikaniandikia kwamba faili halikunakiliwa, ikaniuliza kama nataka kujaribu tena. Nikachukua daftari nikaandika: jaribio la thelathini na nne, Jumatano, saa nne na robo asubuhi, limeshindwa. Mwalimu wangu wa skuli ya usiku alitusisitizia tuandike kila jaribio, hata lililoharibika. Nilikuwa nimejaza kurasa tatu, na kosa lilikuwa lile lile.

Mimi ni fundi. Kwa miaka arubaini nilitengeneza redio katika chumba cha chini cha nyumba hii ya Kiponda, na hakuna waya uliowahi kunishinda. Lakini kazi niliyotaka nikumbukwe kwayo si hiyo. Tangu ujana wangu, kila nilipokwenda kwetu Makunduchi nilichukua kinasa sauti, nikawaketisha wazee na ndugu, wakanitajia majina ya miti, ya mashamba ya mawe na ya visima. Kaseti zikajaa makabati mawili. Ukungu ulipoanza kuzila, nikazihamishia zote kwenye kompyuta, faili moja kwa kila kaseti, kisha kaseti nikazitupa. Zilikuwa zinanuka. Sikuona haja ya kubaki na ganda wakati punje ninayo.

Faili lililokataa kuhama lilikuwa la mdogo wangu, Jecha. Kaseti nyingine zilikuwa fupi. Yake ilikuwa ya dakika tisini, nami nililihifadhi faili lake bila kulibana, ili sauti isipungue hata chembe. Jecha alifariki miezi michache baada ya mimi kumrekodi. Mtoto wake, Salhiya, alikuwa bado ananyonya. Sasa ni mwanamke wa makamo, anaangalia mitambo ya kompyuta katika hoteli moja huko Kendwa, na hajapata kuisikia sauti ya baba yake. Aliniomba kwa mara ya kwanza miaka kumi na moja iliyopita. Nikamwambia angoje nipange kazi yangu, niiandikie utangulizi na faharasa, nimkabidhi kitu kilichokamilika. Kila mwaka aliomba, na kila mwaka nilikuwa sijamaliza.

Mwezi wa Machi diski ya kompyuta yangu ilianza kutoa mlio mdogo, kama ukucha unaogonga meza. Ni Salhiya aliyeniletea diski mpya, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichokwisha, pamoja na waya wake mfupi wa shibiri moja. Alikuwa na haraka ya kurudi kazini.

“Ami, hii ina kasi kubwa,” aliniambia. “Hamisha leo leo, usisubiri. Ile ya zamani inakufa.”

“Nimefungua vyombo kabla hujazaliwa, Salhiya.”

“Nnajua, Ami. Nakwambia hiki kimoja tu. Tumia waya huo huo. Na uanze na la baba.”

Sikuanza na la baba yake. Nilianza na kaseti ya kwanza kwa mpangilio wa tarehe, kwa kuwa kazi ina utaratibu wake.

Waya nao sikuuacha ulivyo. Masika yalikuwa yameingia na dari yangu huvuja juu ya meza. Kompyuta niliifunika kwa nailoni, lakini diski mpya sikutaka ikae hapo. Katika nyumba hii kitu cha thamani huwekwa kidakani, ndani ya unene wa ukuta, mahali ambapo hapajaingia tone tangu nihamie. Kutoka mezani hadi kidakani ni hatua nne. Basi nikaukata waya. Ndani nikakuta nyuzi nyingi kuliko nilivyotarajia, nyembamba kama nywele, zimesokotwa mbili mbili na kuvikwa karatasi ya fedha. Nikazifumua, nikaziunganisha na waya mrefu wa simu, uzi kwa uzi, kwa solda safi, nikazifunga tepu nyeusi. Nilipomaliza nilikaa nikakitazama kiungo kile.

Taa ya diski iliwaka. Mafaili madogo yakapita. Hilo ndilo lililoniponza, maana kwa ujuzi wangu chombo chenye waya mbovu ama hakiwaki kabisa, ama kinakwaruza. Hiki kiliwaka, kikapokea kidogo kidogo, na kila kilipoletewa kikubwa kikakitema. Nikasema kosa haliwezi kuwa la waya. Nikasafisha pini kwa spiriti, nikabadilisha tundu, nikaifuta diski mpya na kuipanga upya mara mbili. Mwisho nikaamua kwamba diski yenyewe ni feki.

Na uamuzi huo sikuuweka moyoni. Niliupeleka barazani, kwa Suhaib muuza kahawa, mbele ya wazee wenzangu wanne.

“Fundi, bado tu?” Suhaib aliniuliza huku akinimiminia. “Au na wewe tukutafutie fundi?”

“Fundi hafufui takataka. Kaniletea kitu kibovu yule.”

“Salhiya? Mtu wa kompyuta akuletee kibovu?”

“Hotelini hawatupi vitu? Labda kakiokota jaani kwao, akaona kitamfaa mzee asiyejua.”

Wakacheka. Mmoja akasema jaa la Kendwa lina neema kuliko maduka ya Darajani. Nikacheka nao, nikanywa kahawa yangu. Nilijua nilichokisema. Kwa mtu anayefanya kazi hotelini, neno kama hilo halina tofauti kubwa na kuitwa mwizi.

Halikuchukua siku mbili kufika Kendwa. Salhiya, aliyekuwa akinipigia simu kila Ijumaa, hakunipigia Ijumaa hiyo wala iliyofuata. Nikajiambia kwamba aibu imemshika, nikaendelea kujaribu. Kila jaribio liliilazimisha diski ya zamani kuzisoma upya dakika zile tisini, na mlio wake ukazidi, ukucha ukawa fundo la kidole.

Ijumaa ya tatu alikuja mwenyewe, baada ya sala. Alisimama mlangoni.

“Shikamoo, Ami.”

“Marahaba. Nilidhani umenisusa.”

“Nshakususa. Nimekuja kwa ajili ya baba.”

Hakukaa. Aliitazama meza, akaona diski mpya haipo. Akaushika waya pale unapoingia kwenye kompyuta, akaufuata kwa vidole, taratibu, akapita nao ukutani, mpaka vidole vikafika kwenye tepu nyeusi. Vikasimama hapo.

“Nani kaunga hapa?”

Palikuwa na majibu mengi. Nilifikiria mawili matatu.

“Mimi.”

Akakipapasa kiungo. Nilingoja anidharau kwa adabu, kama wasomi wanavyojua.

“Umeunga vizuri,” alisema. “Redio ingepokea. Lakini hii inapitisha mengi kwa mpigo, Ami. Ule msokoto na ile karatasi ndivyo vinavyoyalinda. Ukishavifumua, kidogo kinapenya, kikubwa kinaharibika njiani.”

“Kwa hiyo diski…”

“Diski ni nzima. Nimeinunua dukani. Risiti imo mkobani, ukitaka kuipeleka barazani.”

Niliitazama dari.

Akatoa waya mwingine mfupi, akaiteremsha diski kutoka kidakani, akaketi kando ya meza na kuipakata mapajani chini ya kanga, isipate tone. Hakuniuliza aanze na lipi. Mstari wa kijani ukaondoka bila kusita, na kwa pumzi chache nikaamini kwamba nimesamehewa. Kisha diski ya zamani ikagonga mara tatu, kwa nguvu, ikanyamaza. Tuliizima na kuiwasha mpaka alasiri. Haikusema kitu tena.

Salhiya alifanya alilolijua kwa kile kilichokwisha kuvuka. Zilipatikana dakika tisa.

Akabonyeza. Sauti iliyojaa chumba ilikuwa yangu, changa, yenye kujisikia. Inataja tarehe, mahali na madhumuni ya kazi. Inaeleza faida ya elimu. Jecha anakohoa, namwambia asikohoe karibu na kinasa sauti. Anaanza kusema neno kwa lugha ya kwetu, namkatiza: “Sema Kiswahili fasaha, Jecha. Watakaosikiliza ni wasomi.” Kisha narudi kwenye utangulizi wangu, dakika baada ya dakika. Nilikuwa nimesahau kwamba ulikuwa mrefu hivyo. Nilikumbuka tu kwamba ulikuwa mzuri.

Mwisho kabisa namwita: “Jecha.”

“Naam, kaka.”

“Sasa tueleze.”

“Haya,” anasema, na ndani ya sauti yake kuna kicheko anachokizuia. “N’anzie wapi?”

Hapo ndipo ilipokatika.

Baada ya hapo alizungumza zaidi ya saa nzima. Alivitaja visima vyote. Alimtaja na Salhiya, mtoto mchanga, akamcheka kwa jambo fulani. Nakumbuka kwamba alisema; maneno yenyewe sikuyashika, kwa kuwa yalikuwa kwenye kaseti.

“Kesho nitakwenda kwa Suhaib,” nilisema, “niwaambie wote kwamba…”

“Subiri, Ami. Nnasikiliza.”

Akairudisha sauti nyuma kidogo tu.

“Naam, kaka.”

Akairudisha tena. Nikauchomoa waya wangu ukutani, nikakaa nao karibu na dirisha, nikaanza kuibandua ile tepu nyeusi. Nyuma yangu Jecha aliitika, akaitika tena. Tepu ilikuwa imeshika vizuri. Niliitafuta ncha yake kwa ukucha, sikuipata.