Mpini wa Bure

Wewe unayesoma hapa, uliona. Usijifanye ulikuwa safarini. Siku ile gari la matangazo lilipopanda mtaa wetu wa Kadutu likipiga muziki, ulisimama kando ya njia ukapokea mpini wa rasuari, kile kifaa cha kunyolea, mweupe, mzito mkononi, umeandikwa kwa rangi ya dhahabu, ukasema merci, asante. Hukuuliza kwa nini mtu asiyekujua anakupa kitu kizuri namna ile. Na mambo yalipogeuka uligeuza shingo ukatazama ziwa, kana kwamba ziwa limekuita kwa jina.

Basi nitakusimulia kilio cha msiba wa Ezéchiel, maana habari zake nazo zilikufikia, ukasema hayo ni ya familia.

Kwanza mpini. Aliyeuleta ni Delphin, agenti wa depo moja, ghala la bidhaa la barabara ya chini, kijana wa suti na viatu visivyojua matope. Tulimpokea vizuri kwa sababu alikuwa mukwe wetu: amemuoa Mireille, binti wa Ezéchiel na maman Séraphine, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale sokoni. Mukwe hapigiwi kelele. Alieleza kwa upole kwamba wakati wa wembe wa karatasi, ule unaofungwa mmoja mmoja ndani ya karatasi, umepita, kwamba huko mbele watu wananyoa kwa nyembe tatu zilizofungwa pamoja ndani ya plastiki, zinachomekwa juu ya mpini na kuchomolewa zikichoka. Mafundi wa kunyoa waliliita kila fungu la tatu jino. Jino moja, alisema, linahudumia watu kumi bila kulalamika. Kila kinyozi alipewa mpini, kioo na kibao cha kutundika mlangoni, chenye picha ya mtu anayetabasamu. Kila duka lilipewa mipini ya kugawa. Bure.

Sharti lilikuwa dogo mpaka mtu anaona haya kuliita sharti: toeni nyembe zenu za zamani, za vinyozi na za madukani, zitiwe kwenye kartoni, ziende kuharibiwa, kwa afya ya raia. Raia walipiga makofi. Papa Déo, yaani Déogratias, kinyozi wetu, alitoa sanduku lake zima na akapigwa picha akilitoa. Kwenye picha anacheka.

Sasa, kwa mgeni: kwetu, tangu miaka ile ya kuogopa sida, yaani ukimwi, hakuna anayekaa kwenye kiti cha kinyozi kwa imani tupu. Fundi anakuonyesha wembe ukiwa bado ndani ya karatasi. Anaufungua mbele ya macho yako. Anauvunja katikati, tak, nusu ni yako na nusu ni ya anayekufuata. Usiposikia ile tak, unasimama na kitambaa shingoni unaenda zako. Papa Déo alizidisha: kila wembe alionunua aliuchora msalaba kwenye karatasi yake kwa kalamu ya biki nyekundu, ili asije mtu akamchanganyia wembe wa jana. Tulimcheka kwa misalaba ile. Tulisema anabatiza vyuma.

Meno hayavunjiki. Hayana tak.

Na mpini haukuuzwa, meno ndiyo yaliuzwa, tena mahali pamoja tu. Mwanzo jino lilikuwa bei ya biskuti, na tukamsifu Delphin. Halafu likawa bei ya unga wa kushibisha nyumba. Halafu likafika bei ya kuku, na si kuku mgonjwa. Delphin alieleza tena, kwa upole uleule: dola, njia, boti, kodi. Na mwishoni aliongeza, kama mtu aliyeumizwa na utovu wa shukrani, kwamba mpini quand même, hata hivyo, tulipewa bure.

Mimi ni mtu wa kukumbuka, ni ugonjwa. Nakumbuka zile taa zilizogawiwa karibu na bure, na kioo chake kikipasuka kingine kinapatikana kwa muzungu mmoja peke yake. Nakumbuka wazee wa Nyangezi wakipewa miche ya kwinini, mti wa dawa ya malaria, kama zawadi, na siku ya kuuza maganda wakakuta duniani kuna mnunuzi mmoja, ndiye yule mwenye zawadi. Nakumbuka wasichana wa tisheti wakigawa kadi za simu njiani. Kila mara tulisema merci. Sisi ni watu wenye adabu sana.

Vinyozi nao walifanya walichoweza. Walianza kutumia jino moja kutoka asubuhi mpaka jua la kichwani, wakilipangusa kwa alkoli, halafu kwa maji, halafu kwa kitambaa. Na wateja walijifunza kutazama kalenda iliyo ukutani. Wewe pia uliitazama. Ilikuwa na picha ya mto Ruzizi.

Hapo ndipo Ezéchiel alipokufa, tension, yaani presha, ilimwangusha bila kuaga. Tulimzika, tukakaa matanga. Kwa ukoo wake kilio hakiishi kwa padri kusema amina. Kinaisha siku ya kunyoa. Mjane ndiye wa kwanza, watoto wa nyumbani wanafuata kwa kuzaliwa, ndugu za marehemu wanafuata watoto, na wa mwisho kabisa ni mukwe, kwa sababu mukwe ni mgeni hata ndani ya machozi. Nywele zote zinafukiwa katika shimo moja. Mpaka shimo lifunikwe, mjane hagusi biashara. Samaki aliyepimwa na mkono wa matanga hakuna anayemnunua.

Na maman Séraphine alikuwa na meza moja tu ya sambaza, na watoto wadogo wa kulisha kwa meza ile. Jirani yake wa sokoni, Agathe, alikuwa ameanza kumsaidia kuitunza. Kwanza aliweka bakuli pembeni. Halafu beseni katikati. Halafu alisikika akisema kwamba kamati ya soko inataka meza iwe na mwenyewe kufikia Jumatatu, yeye hana neno, ni kamati. Kunyoa kulipangwa Jumamosi. Kukiharibika kunyoa, meza imekwenda.

Bisimwa, mdogo wa marehemu, alizunguka kutafuta nyembe za karatasi. Alipanda mtaa wa Cimpunda, alishuka ule wa Essence, alifika mpaka Panzi. Kila duka lilimwonyesha mpini na kumuuliza kama hana. Alikuwa nao, kila mtu anao. Sanduku la maziko, mchele na viti vya kukodi vilikuwa vimekula michango, na kilichobaki kiliweza kununua jino moja. Jino moja kwa familia nzima.

Jumamosi tulikaa uani. Papa Déo alisimama nyuma ya kiti na ule mpini mweupe, hamtazami mtu usoni. Bisimwa alisema kwa sauti ya chini kwamba zamani ukoo mzima ulinyolewa kwa kisu kimoja. Mwingine akamjibu kwamba ndiyo, na wengi wa ukoo huo wako chini ya udongo. Delphin, aliyekuwa amevaa suti nyeusi mpya, alikohoa na kukumbusha kwamba jino moja ni la watu kumi, teknolojia ndiyo inasema.

Séraphine alikaa kwenye kiti. Alimwamini mukwe wake, nadhani. Mtu aliyepewa binti yako unamwamini kwa lazima.

Nywele za matanga si ndevu za asubuhi. Papa Déo alivuta, meno yakajaa. Akayakung'uta, akavuta tena, yakakwama. Alikwangua zaidi kuliko kunyoa. Alipofika nyuma ya sikio damu ilitoka, ikaingia katikati ya zile nyembe tatu mahali ambapo kidole hakifiki wala kitambaa hakifiki. Fundi alipomaliza, mjane alisimama, akajipangusa na kitambaa chake, akaitazama ile damu kwenye plastiki, kisha akawatazama watoto wake waliokwisha kujipanga kwa kuzaliwa, na wa kwanza ameshika mguu wa kiti.

"Batoto bangoje," alisema. "Leo mukwe apite mbele yabo."

Hakuna aliyewahi kusikia jambo hilo. Bisimwa alianza kueleza desturi. Delphin alitabasamu lile tabasamu la kibao cha mlangoni. Alisema mama mkwe anamheshimu kupita kiasi, yeye ni wa mwisho, atangoja.

"Nakuheshimu kabisa. Ni weye ulituambia jino iko ya batu kumi. Miye niko mumoja. Ikala, papa."

Alikaa. Papa Déo alipomfunga kitambaa shingoni tuliona jasho, ingawa jua lilikuwa bado liko nyuma ya mtaa wa Nguba. Na mpini ulipokaribia sikio lake aliudaka mkono wa fundi. Akasema ngozi yake ni délicate, daktari alimkataza, na kwamba kwa kuogopa kusumbua watu amekuja na chake. Akatia mkono mfuko wa ndani wa ile suti, akatoa wembe wa karatasi.

Waliokaa nyuma waliinuka waone.

Papa Déo aliupokea. Aliugeuza, akaugeuza tena, kisha akauinua tuuone wote. Kwenye karatasi kulikuwa na msalaba wa biki nyekundu.

"Hii ni ya kwangu," alisema. "Si mulisema muliziharibu?"

Aliyejibu ni Mireille, mke wa Delphin, aliyekaa kwenye mkeka na khanga ya matanga, na alijibu kama mtu anayetaja mahali pa chumvi.

"Ziko kwetu, chini ya kitanda. Makartoni. Miye njo mwenye kufagiaka pale."

Ikabidi mukwe aeleze, kwa mara ya kwanza bila upole. Si yeye, ni mpango wa depo. Watu wakishachoka na meno watazitamani nyembe zao, na hapo zitarudi ndani ya pakiti mpya, zinaitwa za asili, kwa bei ya kitu adimu. Yeye alikuwa anachukua moja moja tu, kwa sababu hata agenti hana uwezo wa kununua jino kila wiki. Hilo la mwisho alilisema kwa uchungu wa kweli. Nusura nimhurumie.

Mireille hakungoja hadithi iishe. Alipanda motari, pikipiki ya abiria, akarudi amebeba kartoni mapajani. Papa Déo alinawa mikono. Alichukua wembe wa kwanza, akamwonyesha mtoto wa kwanza, akafungua karatasi mbele ya macho yake.

Tak.

Nimesikia kwaya nyingi za kanisa, sijasikia sauti iliyotuliza watu vile. Watoto walinyolewa, ndugu walinyolewa, na mukwe alinyolewa wa mwisho, kwa desturi, kwa nusu yake halali, na hakuna aliyemtukana maana mukwe hatukanwi. Nywele zilifukiwa. Jumatatu maman Séraphine alifika sokoni kabla ya ndoo za sambaza, kipara chake kinang'aa, kovu nyuma ya sikio. Agathe aliondoa beseni lake akisema alikuwa anamtunzia tu. Séraphine alimshukuru.

Ulitaka hadithi iishie hapo, najua, urudi kutazama ziwa.

Ile ilikuwa kartoni moja. Nyingine ziliondolewa siku ileile zikapelekwa depo, na wiki hii ziko dirishani: pakiti ya kijani, picha ya mlima, "wembe wa asili wa Kivu", na bei yake ni ya jino. Chini ya ile kijani, ukikwaruza kwa kucha, kuna biki nyekundu. Na nimeona foleni mlangoni. Nimeona watu wakisema merci.

Mpini wako uko wapi? Najua uko wapi, uko ndani ya kikombe pamoja na miswaki. Enda uutoe sasa, kabla hujakunja ukurasa huu. Uubebe wazi mkononi mpaka kwenye kaunta ya depo, uuweke, useme: chukueni zawadi yenu, turudishieni nyembe zetu. Usingoje jirani, naye anakungoja wewe. Papa Déo amekwisha kupeleka wake na bado amesimama pale mlangoni, peke yake, na kibao begani. Nenda ukasimame naye.